Leseni ya kujifunza usimamizi wa makao ya wazee Marekani: tafuta mlezi kabla ya fomu

Kila baada ya majuma machache hupokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu wa kwetu aliyeko Marekani, na karibu wote huuliza jambo moja. Amekuwa msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee kwa miaka minane, kumi, wengine kumi na tano. Mgongo umeanza kumuuma. Zamu za usiku zimemchosha. Ana digrii aliyoipata Kenya, imo sandukuni tangu siku aliyoshuka ndege. Amesikia kwamba kuna leseni itakayomfungulia njia ya kuwa mkuu wa nyumba ile ile ambamo yeye huwageuza wazee vitandani, na ataka kujua aipateje. "Kaka, hiyo leseni yauzwa wapi?" aliniuliza mmoja hivi karibuni, mtoto wa Mji wa Kale kama mimi. Naandika makala haya ili nisirudie jibu mara mia, na kwa kuwa njia hiyo nimeipita mwenyewe katika jimbo la Virginia.

Jibu fupi ni kwamba haiuzwi. Hutolewa na bodi ya serikali ya jimbo, na bodi humpa mtu aliyekwisha kupata vitu viwili: nyumba iliyokubali ajifunzie ndani yake, na msimamizi mwenye leseni aliyekubali kwa maandishi kumfundisha. Fomu yaja baada ya hayo. Wengi wetu huanza kwa fomu, wakalipa ada, kisha faili likalala kwa sababu ukurasa wa mlezi uko wazi.

Neno lenyewe lina utata wake. Kwetu Mombasa ukitaja nasing homu, mtu hufikiria hospitali ndogo ya mtu binafsi, pengine ile aliyozaliwa. Marekani ni nyumba ya watu wasioweza tena kujitunza: wazee walio wengi, lakini pia kijana aliyevunjika uti wa mgongo, au mtu aliyepata kiharusi akaletwa kufanyishwa mazoezi kwa wiki chache kabla ya kurudi kwake. Wauguzi wapo mchana na usiku. Nyumba za aina hiyo ni karibu 15,000 nchi nzima na ndani yake wanaishi watu zaidi ya milioni moja. Usizichanganye na zile nyumba za wazee wanaojiweza kiasi, ambao husaidiwa kuvaa, kuoga na kukumbushwa dawa tu. Hizo zina kanuni zake, na katika majimbo mengi zina leseni yake nyingine. Soma jina la leseni mara mbili kabla ya kulipa.

Kwa nini leseni? Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria ya hifadhi ya jamii, likayataka majimbo yanayopokea fedha za Medicaid yawe na utaratibu wa kuwapa leseni wasimamizi wa makao haya. Medicaid ni bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ndiyo inayowalipia wengi wa wakaazi wa kudumu. Medicare, ile ya wazee, hulipia ukaaji mfupi wa baada ya hospitali, usiozidi siku 100. Nyumba inayoishi kwa fedha hizo lazima iwe na msimamizi aliyepewa leseni na jimbo, na msimamizi huyo ndiye anayeulizwa mzee akianguka, akipata vidonda vya kulala, akipewa dawa ya mwenzake, au jiko likikutwa na panya.

Lakini serikali kuu ililiachia kila jimbo kuweka masharti yake ya kumpata msimamizi. Ndiyo maana ushauri wa jamaa aliyeko Minnesota waweza kukupoteza wewe uliyeko Texas. California na Texas hutaka mafunzo ya saa 1,000. Virginia hutaka saa 2,000, ila hupunguza kwa mwenye uzoefu fulani wa kazi. Ukifanya saa arubaini kwa wiki, saa 1,000 ni kama miezi sita na 2,000 ni kama mwaka mzima. Kwa elimu pia wanatofautiana. Texas hutaka digrii ya kwanza na masomo ya ziada ya usimamizi wa huduma hizi. Virginia, kwa njia ya mafunzo, hukubali hata saa 60 za masomo ya chuo, ambazo ni kama nusu ya digrii. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukurasa wa kuamini ni wa bodi ya jimbo lako, wala si makala yangu.

Mafunzo yenyewe huitwa kwa kifupi AIT. Majimbo mengine hukupa leseni ya mwanafunzi, mengine huita kibali, mengine husajili tu jina lako pamoja na la mlezi wako. Kwa vyovyote, ifikirie kama ile leseni ya kujifunzia gari: yakuruhusu kushika usukani mradi mwenye leseni kamili ameketi kando yako. Haikupi ruhusa ya kuendesha peke yako hadi Malindi. Na kama ilivyo kwa gari, saa ulizofanya kabla ya kupewa kibali hazihesabiwi. Huenda umekuwa ukimsaidia mkuu wako kazi za ofisi kwa miaka mitatu. Bodi haiitambui hata siku moja ya hiyo kama mafunzo.

Sasa tuje kwa mlezi, kwa kuwa hapa ndipo watu wa kwetu wanapokwama.

Mlezi lazima awe msimamizi mwenye leseni isiyo na doa, mwenye uzoefu ambao bodi hupima, na katika majimbo mengi lazima yeye naye awe ameidhinishwa na bodi kuwa mlezi. California humtaka apate mafunzo ya ulezi kwanza. Virginia humtaka asajiliwe. Hawezi kuchukua wanafunzi anavyotaka; idadi ina mpaka. Yeye ndiye anayetia sahihi ripoti zako, na jina lake limo hatarini pamoja na lako. Kwa hiyo mtu asiyekujua hawezi kukubali kwa sababu tu umemwandikia barua pepe nzuri.

Tatizo la msaidizi wa muuguzi ni kwamba mkuu wa nyumba hamwoni. Wewe waingia saa tano usiku watoka alfajiri. Yeye aingia saa mbili asubuhi atoka jioni. Miaka sita mko nyumba moja na hajui jina lako. Tena sisi tumelelewa kuwa mtu hajisemei, husemewa. Ukitaka mke watuma mshenga, ukitaka kazi kwa tajiri wapitia kwa ami yako. Huku hakuna mshenga. Nimeona vijana wetu hodari, wenye digrii za biashara, wakikaa na haya yao mpaka msichana wa miaka ishirini na minne aliyetoka chuoni jana akapewa nafasi hiyo mbele ya macho yao, kwa kuwa yeye alibisha mlango akasema anachotaka.

Bisha mlango. Omba dakika ishirini za mchana, siku ambayo hukufanya zamu usiku, ili uende na uso uliolala. Chukua karatasi moja tu: elimu yako, miaka yako ya kazi, lugha unazosema, na saa ambazo jimbo lenu lataka. Mwambie wazi kuwa umesoma masharti ya bodi. Msimamizi anayesikia hivyo hukusikiliza kwa sikio jingine, maana wengi wanaomjia hawajui hata bodi iko wapi. Akisema hawezi, muulize ni nani amjuaye awezaye. Wasimamizi wa mji mmoja wanajuana kama manahodha wa bandari moja. Wengine hukubali kwa sababu bodi yao huwahesabia ulezi kama sehemu ya masomo wanayopaswa kuyapata ili waendelee kushika leseni. Wengine hukubali kwa sababu kampuni yao ina nyumba thelathini na kila mwaka inakosa wasimamizi.

Kampuni hizo kubwa zina njia yake: huajiri mwanafunzi kwa mshahara, humaliza saa zake, kisha humpeleka katika nyumba yao yoyote. Ni njia nzuri kwa mwenye familia. Soma mkataba, hasa kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema, na kile kinachosema utapelekwa wapi.

Kuhusu kuchagua nyumba, serikali ya Marekani huzipanga kwa nyota, moja hadi tano, na mtu yeyote aweza kuzitazama mtandaoni. Zitazame, lakini mimi hutazama jambo jingine kwanza: msimamizi huyu amedumu hapa miaka mingapi? Kazi hii hubadilisha watu haraka. Mlezi akihama katikati ya mafunzo, saa zako husimama mpaka bodi imkubali mwingine. Afadhali nyumba ya nyota tatu yenye msimamizi wa miaka kumi kuliko ya nyota tano iliyopata mkuu mpya mwezi uliopita.

Mlezi akishapatikana, ndipo karatasi zifuate, na karatasi zina vituko vyake kwa watu wa pwani.

La kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Fatuma, kitambulisho Fatma, pasipoti Fatma pamoja na jina la babu, na cheti cha KCSE kina majina mawili tu kwa kuwa mwalimu wa shule alichoka kuandika. Mohamed yuaandikwa kwa namna nne ndani ya faili moja. Marekani hutaka jina la kwanza na la ukoo, nasi hatuna la ukoo kwa maana yao. Tuna la baba na la babu. Bodi ikipokea cheti chenye jina tofauti na la ombi, hukirudisha au hukiweka kando. Panga majina yako kabla ya kutuma chochote. Chagua yale yaliyo kwenye hati yako ya ukaazi wa Marekani, kisha kwa kila karatasi isiyolingana tayarisha hati ya kiapo ya wakili inayosema kuwa majina haya yote ni ya mtu mmoja. Jamaa akiwa Mombasa aweza kukusaidia kuuliza wakili ni hati gani yafaa, lakini kiapo ni chako na sahihi ni yako.

La pili ni digrii. Bodi haisomi cheti cha Chuo Kikuu cha Pwani au cha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kama ilivyo. Humtaka mwombaji apeleke masomo yake kwa taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, ambayo huandika kuwa digrii hii ni sawa na nini kwa vipimo vya Marekani. Kuna tathmini fupi inayotaja jina la digrii tu, na kuna ndefu inayopima kozi kwa kozi na kuhesabu saa za kila somo. Lipia ile ndefu, kwa sababu bodi nyingi huhesabu saa. Taasisi hiyo hutaka orodha ya matokeo yatoke chuoni moja kwa moja, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mhuri au kwa njia ya mtandao, isipite mkononi mwako. Hapo ndipo ndugu aliyeko nyumbani huwa na maana: mtu wa kwenda ofisi ya msajili wa chuo, akasimama kwenye foleni, akarudi tena wiki ijayo. Aliyesoma KMTC diploma ya miaka mitatu asikate tamaa. Huenda isihesabiwe digrii, lakini saa zake zaweza kutosha katika jimbo linalohesabu saa, au zikampunguzia safari ya kumalizia digrii huko.

Wapo pia vijana wetu waliosoma Khartoum. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, kupata karatasi kutoka vyuo vya huko kumekuwa kazi ngumu. Aliye na nakala rasmi iliyotolewa kabla ya vita ailinde kama dhahabu, na aiandikie taasisi ya tathmini mapema kueleza hali. Taasisi hizo zimewahi kukutana na watu waliotoka nchi zenye vita, na baadhi zina utaratibu wao kwa hali hiyo.

La tatu ni alama za vidole na maswali ya tabia. Utaulizwa kama umewahi kushitakiwa au kuhukumiwa. Kama kuna jambo, hata ni dogo la miaka mingi iliyopita, liandike na uambatanishe karatasi za mahakama. Bodi hupata rekodi zako yenyewe. Kosa la zamani lililoelezwa huzungumzika. Lililofichwa huonekana kama uongo katika ombi, na uongo katika ombi ni sababu tosha ya kunyimwa.

La nne, na hapa nawasemesha hasa walioko Kenya wanaotumiwa matangazo ya simu: leseni ya mwanafunzi haikupi visa. Haikupi haki ya kufanya kazi. Bodi yatazama elimu na mafunzo. Habari ya kuingia na kukaa Marekani ni mlango mwingine kabisa. Dalali anayekwambia umlipe akufungulie leseni hii ukiwa Likoni, kisha visa itafuata, anakuibia. Mlezi lazima awe ndani ya nyumba, nawe uwe ndani ya nyumba hiyo hiyo. Hakuna anayejifunza kazi hii kwa simu.

Kibali kikitoka, mafunzo yaanza, na ni mafunzo ya kuzunguka. Wiki kadhaa uko na wauguzi, kisha jikoni, kisha kwa wafuaji na wasafishaji, kisha kwa afisa wa jamii anayezungumza na familia, kisha kwa fundi wa majengo, kisha ofisi ya hesabu. Virginia hutaka mwanafunzi aonje zamu zote: mchana, jioni, usiku na mwisho wa wiki. Kwa aliyetoka usaidizi wa wauguzi, sehemu ya wauguzi ni maji ya kunywa. Mimi zilizonitoa jasho zilikuwa hesabu. Kila mkaazi hupimwa kwa dodoso refu la serikali: anaweza kula mwenyewe, anakumbuka nini, ana kidonda, anahitaji mazoezi gani. Majibu ya dodoso hilo ndiyo huamua nyumba italipwa kiasi gani kwa siku. Muuguzi akijaza vibaya, nyumba hupoteza fedha. Akijaza kwa kuzidisha, ni udanganyifu dhidi ya serikali. Msaidizi aliyefanya kazi miaka kumi akiandika kila usiku kuwa mzee alisaidiwa kula au alikula mwenyewe, hakuwahi kuambiwa kuwa kalamu yake ilikuwa ikielekea huko.

Jambo jingine utakalojifunza ni ukaguzi. Wakaguzi wa jimbo huja bila taarifa, na kwa kanuni nyumba haipaswi kupita miezi 15 bila kukaguliwa. Wanakaa siku kadhaa, wanaongea na wakaazi, wanahesabu joto la chakula, wanafungua makabati ya dawa. Kila kasoro hupewa herufi, kutoka A iliyo nyepesi hadi L. Herufi J, K na L maana yake wakaazi wako katika hatari ya papo hapo, na hapo msimamizi halali. Ikitokea ukaguzi umeangukia katika mafunzo yako, shukuru. Wiki moja ya wakaguzi hufundisha kuliko miezi mitatu ya vitabu.

Ripoti za maendeleo hupelekwa kwa bodi kwa vipindi. Ziandike wewe mwenyewe, wiki kwa wiki, usingoje mwezi uishe ukaanza kukumbuka. Na usihesabu zamu yako ya kawaida ya usaidizi kama saa za mafunzo. Saa za mafunzo ni za mafunzo, na mkaguzi wa bodi akilinganisha na karatasi za mishahara ataona.

Hapo ndipo lile la njaa linapoingia. Kama nyumba yako haikulipi wakati wa mafunzo, utakula nini? Mimi nilifanya zamu za Jumamosi na Jumapili katika nyumba nyingine, na mafunzo Jumatatu hadi Ijumaa. Salamu ya mwili wangu mwaka ule sitaki kuikumbuka. Ijumaa nilimwomba mlezi saa moja na nusu ya swala tangu siku ya kwanza, ikaandikwa kwenye ratiba, na haikuleta neno. Yanayohusu jikoni, ambako mwanafunzi husimamia pia chakula ambacho sisi Waislamu hatukili, muulize shekhe wako kabla, usiniulize mimi.

Nanyi mlioko nyumbani mna sehemu yenu. Ovataimu ya mtoto wenu ndiyo inayolipa karo ya mdogo wake, na kodi ya nyumba ya Majengo, na mchango wa harusi ya binamu, na dawa za presha za bibi. Akiingia katika mafunzo haya, ovataimu hiyo itakatika kwa miezi sita au mwaka. Wengi walioacha katikati ninaowajua hawakushindwa na masomo. Walishindwa na simu. Mama amepiga, paa lavuja. Kaka amepiga, pikipiki imekamatwa. Mtu huona aibu kusema hana, akarudi kwenye zamu za usiku, saa zake za mafunzo zikasimama. Ikiwa mwanenu amewaambia ataka kujifunza kazi hii, kaeni kikao cha familia kabla hajaanza. Mkubaliane atatuma nini na hatatuma nini, na nani hapo nyumbani atabeba lipi. Mwaka mmoja wa kubana ni mrefu, lakini una mwisho unaojulikana. Kugeuza wagonjwa vitandani hadi umri wa miaka sitini hakuna mwisho ila mgongo kuvunjika.

Najua pia kuna wanaoguna. Mzee wa mtaani aliniambia waziwazi: "Mwanangu, kazi ya kusimamia nyumba ya wazazi waliotupwa, ndiyo kazi gani hiyo?" Namheshimu, na sikumjibu kwa ukali. Wengi wa wazee wale hawakutupwa. Wana watoto wanaokuja kila jioni na waliopungukiwa na nguvu za kumnyanyua mzazi mwenye kilo tisini asiyejua tena ni mchana au usiku. Nasi tusijisifu sana. Ganze, katika kaunti yetu ya Kilifi, kuna makao ya Kaya Godoma yanayowahifadhi wazee waliokimbia kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi wanaowatuhumu ni wa damu yao, na nyuma ya tuhuma mna shamba. Wazee wale wanahitaji chakula cha wakati, dawa zilizoandikwa, mtu wa kuhesabu fedha za wafadhili na kujua nani ameanguka usiku. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Aliyejifunza kuifanya Virginia au Texas ataweza kuifanya Ganze kwa vifaa vichache, na kwa hakika wapo wa kumpokea.

Baada ya saa kumalizika na mlezi kutia sahihi ya mwisho, kuna mtihani wa taifa unaoandaliwa na jumuiya ya bodi hizo, iitwayo NAB. Una sehemu mbili: moja ya maarifa ya msingi kwa kila aina ya huduma hizi, nyingine ya makao ya wauguzi peke yake. Ni maswali ya kuchagua jibu, kwenye kompyuta. Baadhi ya majimbo, California mojawapo, huongeza mtihani wao juu ya sheria za jimbo. Usitegemee uzoefu wako wa kazi pekee; mtihani hauulizi nyumba yenu hufanya nini, huuliza kanuni zasemaje, na katika nyumba nyingi hayo ni mambo mawili. Msaidizi aliyezoea njia ya mkato huchagua jibu la mkato.

Leseni kamili ikitoka ni ya jimbo lile lile. Ukihama, waomba upya kwa utaratibu wa wenye leseni za kwingine, na majimbo mengi hukubali matokeo ya mtihani wa taifa bila kurudia. Leseni huhuishwa kila baada ya muda kwa ada na masomo ya kuendelea. California, kwa mfano, hutaka saa 40 kila miaka miwili. Ada za ombi, za alama za vidole, za tathmini na za mtihani hulipwa kila moja mahali pake, kwa hiyo zitafute zote siku moja, uzijumlishe, uzitenge kabla ya kubisha mlango wa msimamizi. Orodha ya matokeo kutoka chuo chako cha Kenya iombe wiki hii hii, maana ndiyo huchukua muda mrefu kuliko vyote.